Kinga ya mapema huokoa gari la haibridi lililokwenda masafa marefu

MAGARI ya haibridi, yaani yale yanayoendeshwa kwa injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme, si mageni tena katika barabara za Kenya. Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Toyota Aqua, lililofuata mwaka 2011, huletwa nchini yakiwa yametumika. Ingawa sheria hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, muda huo watosha gari kutembea kilomita nyingi kabla ya kufika bandarini Mombasa.

Anayelinunua huwa na hofu moja kubwa: betri kuu kufa na kumtia gharama asizozimudu. Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi chanzo cha maafa ni kitu kidogo kilichopuuzwa, kama vile vumbi, masizi au maji ya kupoza yaliyochakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari la haibridi ukuta huo ni ghali mno.

Betri kuu na adui wake

Katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2003 na 2009, betri kuu ina moduli 28, kila moja ikiwa na volti 7.2. Kwa jumla hutoa volti 201.6. Aqua za kizazi cha kwanza zina moduli 20 zenye jumla ya volti 144. Moduli hizo zimeunganishwa kama shanga katika uzi mmoja, hivyo moja ikidhoofika, betri nzima huathirika.

Adui mkuu wa betri hii ni joto. Hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nyuzi za zulia hunasa humo, feni ikashindwa kupuliza, na betri ikachemka polepole bila dereva kujua. Gari lililopita kilomita 150,000 lafaa kusafishwa feni hiyo angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ikiwa hupita barabara za vumbi. Abiria wasilizibe tundu hilo kwa mizigo au nguo.

Dereva aliyekwama katika msongamano asiache gia kwenye N kwa muda mrefu, kwani hapo betri kuu haipokei chaji. Aidha, asikubali petroli imwishie njiani akaendelea kujikokota kwa umeme, kwa kuwa betri yaweza kukaushwa kabisa.

Kuna mafundi wanaong'oa moduli moja iliyokufa na kuweka nyingine kuukuu. Taa ya onyo huzima, mwenye gari akafurahi. Lakini moduli zisizolingana nguvu hazidumu pamoja, na baada ya muda nyingine hufuata. Huo ni usaidizi wa kufika nyumbani, si tiba.

Maji ya kupoza na injini

Prius lina mikondo miwili ya maji ya kupoza: mmoja wa injini, mwingine wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie. Maji ya injini aina ya Toyota yanayodumu hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kuongeza maji ya mfereji hualika kutu. Katika Prius ya kizazi cha pili, maji katika chupa ya inveta huonekana yakitikisika gari likiwa limewashwa. Yakitulia tuli, pampu yafaa kukaguliwa mara moja.

Injini ya lita 1.8 ya Prius ya kizazi cha tatu ina udhaifu unaojulikana. Vali ya EGR, inayorejesha sehemu ya moshi ndani ya injini, pamoja na kipozaji chake, huziba kwa masizi. Yakiachwa, gasketi ya silinda hedi yaweza kuungua. Dalili zake ni injini kutetemeka kwa nguvu inapowaka asubuhi na maji kupungua pasipo kuvuja nje. Kusafisha vali na kipozaji hugharimu kidogo kuliko kufungua injini nzima.

Oili, ya aina ya 0W-20 katika mengi ya magari haya, ikaguliwe kwa kijiti kila wiki, kwani injini kuukuu huila kimyakimya.

Betri ndogo na breki

Kompyuta za gari huamshwa na betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, taa nyingi za onyo huwaka na wengi hudhani betri kuu imekufa. Ipimwe kwanza kabla ya fundi kutaja bei yoyote.

Kwa kuwa mota hupunguza mwendo huku ikirejesha umeme, pedi za breki huisha polepole. Utulivu huo hudanganya: pini za kalipa hushika kutu na kukwama. Zipakwe grisi, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3.

Usalama

Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua. Inveta ya Prius ya kizazi cha tatu huupandisha hadi volti 650. Makanika asiye na glavu maalumu asiziguse. Hata plagi ya usalama ikishatolewa, sharti angoje dakika 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Mwenye gari anayeuliza kuhusu glavu hizo kabla ya kukabidhi ufunguo atajua upesi iwapo yupo mikononi mwa fundi wa haibridi au mbahatishaji.