Elimu ya lishe nchini Tanzania

Elimu ya lishe nchini Tanzania ni masomo ya chuo yanayomwandaa mtu kuwa mtaalamu wa lishe au msaidizi wake. Wahitimu hufanya kazi hospitalini, viwandani, katika utafiti na katika halmashauri, ambako huitwa maafisa lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa.

== Lishe ya jamii na lishe ya tiba ==

Jina "mtaalamu wa lishe" hutumika kwa watu wa aina mbili, hivyo ni rahisi mwombaji wa chuo kuzichanganya. Wa kwanza hushughulikia jamii: hupima ukuaji wa watoto na kufundisha unyonyeshaji na ulishaji. Wa pili hukaa na mgonjwa mmojammoja. Humpangia mwenye kisukari mlo wake, au humkadiria mgonjwa wa figo kiasi cha protini, chumvi na potasiamu. Lazima ajue kwamba ndizi, maharage na mchicha, vyakula vya kila siku, vina potasiamu nyingi.

Mkazo huonekana katika jina la shahada. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (Morogoro) hufundisha lishe ya binadamu, na Chuo Kikuu cha Dodoma lishe ya tiba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni, kina shahada inayounganisha chakula, lishe na mlo wa tiba. Kwa kuwa hufundisha kwa masafa, mkazi wa Ukonga au Temeke anaweza kusoma huku akiendelea na kazi, ingawa mazoezi ya maabara hayafanyiki nyumbani. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hufanya utafiti na kutoa miongozo, si chuo.

== Kujiunga ==

Uamuzi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Bayolojia na kemia ndizo msingi, na mwanafunzi anayeacha kemia kidato cha tatu hujifungia njia nyingi. Kidato cha tano kuna tahasusi ya CBN (kemia, bayolojia na lishe), mbali na PCB na CBG.

Astashahada na stashahada husimamiwa na NACTVET, shahada na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Stashahada ni ngazi ya 6 ya mafunzo ya ufundi.

== Nchi nyingine ==

Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, ikaunda taasisi ya kuwasajili. Nchini Marekani, tangu Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa mtaalamu wa lishe lazima awe na shahada ya uzamili. Msaidizi anaweza kuanza na shahada ya miaka miwili pamoja na mafunzo ya vitendo. Shahada ya Tanzania pekee haimpi mtu usajili huo.