Kinachobaki Kwenye Pumba: Asidi ya Feruliki na Nafaka za Mbulu na Hanang

Asidi ya feruliki ni kemikali ambayo mimea hujitengenezea yenyewe na kuihifadhi kwenye kuta za seli zake. Katika nafaka, sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda, kwa hiyo mara nyingi huishia kwenye pumba. Huhesabiwa miongoni mwa antioksidanti: huipa haidrojeni yake radikali huru, zile molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake ambazo hushambulia mafuta, protini na vinasaba vya mwili. Ikishaitoa haidrojeni hiyo, yenyewe hubaki imetulia na haiendelezi uharibifu. Mahindi, ngano, ulezi na mtama zote zinayo, na hizo ndizo nafaka zilizolimwa Mbulu na Hanang, wilaya za Mkoa wa Manyara nchini Tanzania. Siku hizi Mbulu husifika zaidi kwa vitunguu saumu vyake, na watu hupenda kuvihusisha na afya. Lakini kitunguu saumu ni kiungo tu. Kinachojaza sahani kila siku ni ugali.

Jina la asidi hii lilitoka mbali na nafaka. Mwaka 1866, wanakemia Heinrich Hlasiwetz na Ludwig Barth wa Innsbruck, Austria, waliitenga kutoka kwenye utomvu wa mmea wa Ferula foetida. Utomvu huo ni mvuje, bidhaa ya Iran na Afghanistan ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameijua kwa karne nyingi kupitia biashara ya majahazi, wakiutumia kutuliza tumbo na kumkinga mtoto na kijicho. Wanakemia walifanikiwa kuiunda maabarani mwaka 1925. Miongo kadhaa baadaye Wajapani waligundua kwamba huzuia mafuta yasichache, na hapo ndipo ilipoanza kutazamwa kama antioksidanti na si kama kemikali ya mvuje tu.

Mmea wenyewe hauitengenezi kwa ajili ya afya ya mlaji. Asidi ya feruliki hufunga nyuzi za ukuta wa seli, ukuta ukawa mgumu kutafunwa. Watafiti wa Kanada waliochunguza mahindi mwishoni mwa karne ya 20 waliona kwamba aina zenye asidi nyingi kwenye ganda huwasumbua fukusi zaidi kuliko aina zenye asidi kidogo. Ugumu huohuo ndio unaomfanya mlaji wa nafaka isiyokobolewa atafune sana, na ndio uliomfanya aanze kutafuta njia ya kuliondoa ganda.

Zamani njia hiyo ilikuwa na mipaka yake. Wairaqw wa Mbulu, hasa katika vilima vya Kainam, walilima mtama na ulezi kwenye mashamba madogo yaliyorutubishwa kwa samadi, na nafaka ilisagwa kwa jiwe. Kinu na mchi viliweza kulegeza ganda, lakini jiwe la kusagia halikutenganisha kila kitu, na punje ya ulezi ni ndogo mno kukobolewa kwa mkono. Kwa hiyo ganda liliingia kwenye uji na kwenye ugali. Sehemu nyingine ya mavuno iliishia kwenye pombe. Kutengeneza kimea, yaani kulowesha nafaka, kuiacha ichipue, kuianika kisha kuisaga, huamsha vimeng'enya vinavyokata vifungo vinavyoishikilia asidi kwenye ganda. Watafiti wa Mysore, India, walipoupima ulezi ulioteshwa hivyo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, walikuta kwamba asidi za fenoli zilizo huru zimeongezeka na zilizofungwa zimepungua. Akina mama wa Mbulu waliofanya kazi hiyo kwa ajili ya pombe na togwa hawakuwa na haja ya jina la kikemia.

Mahindi yalikuja baadaye. Yalifika Afrika Mashariki kutoka Amerika kupitia Wareno, yakasambaa taratibu bara, na katika karne ya 20 yakaushinda mtama kwenye sehemu kubwa ya mashamba ya Mbulu. Kwa upande wa asidi ya feruliki haikuwa hasara, kwa kuwa mahindi ndiyo yenye nyingi zaidi kati ya nafaka kuu. Makande ya mahindi makavu na maharage, yakipikwa na ganda lake, humfikishia mlaji karibu yote.

Hasara ilianzia mashineni. Mashine ya kukoboa hukwangua ganda pamoja na kiini; mahindi meupe hutokea upande mmoja, pumba hudondoka upande mwingine, kisha mahindi yale hupelekwa kwenye kinu cha pili yakasagwa kuwa sembe. Anayetaka dona hupita moja kwa moja kwenye kinu cha kusagia na hulipia kazi moja badala ya mbili. Pamoja na unafuu huo, sembe ilipanda cheo. Ni nyeupe, ni laini, haichachi upesi, na mgeni akipikiwa ugali wa dona huenda wenyeji wakaomba radhi. Pumba hurudi nyumbani kwenye kiroba kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe na kuku, ambao kwa kipimo cha asidi hii wanakula vizuri kuliko wenye nyumba.

Hanang ilipata historia nyingine kabisa. Katika nyanda za Basotu, wakati huo zikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililoundwa mwaka 1969, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalifika saba, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, kwenye takriban ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvuna zilitoka Kanada, na utafiti wa mbegu ulifanywa Selian, Arusha. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya wafugaji Wabarabaig, yakiwemo mabonde yenye rutuba wanayoyaita muhajega, yaliyowafaa ng'ombe kuliko sehemu nyingine yoyote. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi ya ardhi dhidi ya NAFCO Mahakama Kuu mwaka 1981, kikashinda, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kanada ilisitisha msaada mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baada ya hapo NAFCO ikabinafsishwa.

Kwa kadiri ya lishe, ngano hiyo ilipita tu Hanang. Ilisafirishwa kwenda kwenye vinu vya mijini, ikasagwa kuwa unga mweupe wa mkate, chapati na maandazi, na pumba zake zikawa chakula cha mifugo. Wafugaji walipoteza malisho, walaji wa mjini wakapata wanga, na sehemu ya punje yenye asidi ya feruliki ikaachwa kinuni.

Vipimo vinaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta takriban miligramu 176 za asidi hii katika gramu 100 za mahindi mazima, na takriban 65 katika ngano nzima. Zaidi ya asilimia 90 ilikuwa imefungwa kwenye ganda. Iliyofungwa hivyo hainyonywi tumboni. Husafiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria huiachia kidogo kidogo, na ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu.

Kuhusu faida, ushahidi mwingi umetoka maabara na kwa panya: kushusha shinikizo la damu, kupunguza sukari, kulinda mafuta ya damu yasiharibiwe na oksijeni. Majaribio kwa binadamu ni machache. Nchini Thailand, watu 48 wenye mafuta mengi kwenye damu walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2018; waliopewa miligramu 1,000 kwa siku kwa wiki sita walipungukiwa na lehemu mbaya kwa takriban asilimia 9. Hizo zilikuwa dozi za asidi huru, si sahani ya ugali, na anayenadi dona kama tiba ya kisukari au shinikizo la damu anavuka kilichothibitishwa. Dona ina faida za uhakika zaidi: nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini ambayo sembe imeyapoteza.

Ganda lina ubaya wake pia. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya waugue watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki dunia. Kwa hiyo dona inafaa pale tu mahindi yalipokaushwa vizuri, yakachambuliwa na kuhifadhiwa pakavu, na unga ukasagwa wa kutosha wiki chache, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha.

Tangu mwaka 2011, kanuni za Tanzania zinavitaka viwanda vikubwa kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi kwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Asidi ya feruliki haimo kwenye orodha hiyo. Familia ya Dongobesh kule Mbulu au ya Katesh kule Hanang inayoitaka itaipata kwa kulikagua gunia, kuondoa punje zenye ukungu na kumwambia mwenye mashine asikoboe.