Magari ya Mbio ya Bugolobi na Jinsi Bei Zake Zilivyopangwa

Bugolobi ni mtaa wa kilimani mashariki mwa Kampala, kati ya Nakawa, Mbuya na barabara iendayo bandari ya Port Bell. Wakazi wake wengi ni watu wa kipato cha kati na cha juu, na jirani yake kabisa ni Barabara ya Jinja, njia ambayo magari yaliyoshushwa Mombasa huingilia mjini. Makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) yako Nakawa. Bohari za forodha za magari, ambazo kila mtu huziita bondi, zimejipanga kandokando ya barabara hiyohiyo. Kwa hiyo mnunuzi, muuzaji na mtoza kodi wamekuwa majirani kwa miaka mingi, na hapo ndipo historia ya bei za magari ya mbio mjini Kampala inaposomeka vizuri. Viwanda vya Japani na Ulaya viliamua yatengenezwe magari mangapi. Lakini ni mangapi yaingie Uganda na yauzwe kwa kiasi gani, hilo liliamuliwa na kahawa, fedha za kigeni, kodi na umri wa gari.

Bei na mbio zilifungamana mapema Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya East African Coronation Safari, na magari yaliondoka kutoka miji mitatu: Nairobi, Kampala na Morogoro. Katika miaka hiyo ya mwanzo waandaaji hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi Ulaya. Waliyapanga kwa bei yake dukani, na magari yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa kwa mteja wa kawaida. Utaratibu huo ulikuwa wa busara sana. Mtu mwenye fedha za kununulia Volkswagen aliweza kuona gari la bei yake limevumilia vipi matope ya Uganda na vumbi la Tanganyika, bila kupotoshwa na ushindi wa gari ambalo asingeweza kulinunua kamwe. Mawakala wa magari waliutumia ushindi wa Safari katika matangazo yao, na baadaye Peugeot 404, iliyoshinda 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ikawa gari la kuaminika katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki.

Gari la mbio kwa maana halisi, yaani lenye milango miwili na lililoundwa kwa ajili ya kasi, lilipata heshima katika Safari kupitia Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda na 240Z, na nyuma yake alikuwa Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Mehta alishinda mwenyewe mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, rekodi ya ushindi mara 5 katika Safari. Ila kufikia ushindi wake wa kwanza hakuwa tena mkazi wa Uganda. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliamuru Waasia waondoke nchini ndani ya siku 90, na Mehta akahamia Kenya. Biashara nyingi za magari, vipuri na gereji zilizokuwa mikononi mwa Waasia ziligawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Kuanzia 1974 Safari yenyewe ilibaki ndani ya Kenya peke yake.

Miaka iliyofuata haikuwa na soko la magari linalostahili jina hilo. Kilichoamua nani apate gari kilikuwa kibali cha fedha za kigeni, na fedha hizo zilitokana karibu zote na kahawa. Kahawa yote iliyouzwa nje kihalali ilipitia Coffee Marketing Board, shirika la serikali lenye majengo yake makubwa Bugolobi, kando ya reli. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani mara kadhaa, lakini mkulima wa Uganda alilipwa kwa bei ya serikali, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya mavuno ikavushwa mipakani kwa magendo. Waliotajirika kwa njia hiyo waliitwa mafuta mingi, na alama yao ilikuwa Mercedes-Benz, si gari la mbio. Spear Motors, kampuni ya Gordon Wavamunno ambayo jina lake limebaki kuwa alama ya njia panda pale Nakawa, ilijijenga katika biashara hiyo ya Mercedes.

Gari la mbio lililoonekana hadharani Kampala wakati huo lilikuwa la rais. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1975 yaliandaliwa mashindano ya magari, na Amin alishiriki akiendesha Citroën SM pamoja na mke wake mpya, Sarah Kyolaba. SM ilikuwa na injini ya Maserati, na kwa miaka yote ya utengenezaji wake, 1970 hadi 1975, yalitoka magari yasiyofika 13,000. Bei yake Kampala haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuziwa.

Mlango ulifunguliwa baada ya 1990. Mwaka huo serikali ya Uganda iliruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha, na mwaka 1991 ukiritimba wa Coffee Marketing Board ukavunjwa. Mtu mwenye shilingi sasa aliweza kununua dola bila kumwomba mkubwa yeyote. Wafanyabiashara, wakiwemo wengi wenye asili ya Pakistani waliokuwa na ndugu na washirika Japani na Dubai, walianza kuleta magari yaliyotumika kwa wingi. Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Japani, kwa hiyo gari lilitoka bandarini Japani likaingia barabarani Kampala bila kubadilishwa usukani. Japani yenyewe iliyasukuma magari hayo nje: gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huwafanya wenye magari wengi wayauze mapema.

Wakati huohuo viwanda vya Japani vilikuwa vikitengeneza aina ya gari ambayo haikuwahi kuwepo kabla yake na ambayo huenda haitarudi. Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) lilikuwa limefuta Kundi B la magari ya mashindano baada ya ajali mbaya za 1986. Katika kundi hilo kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ili kiruhusiwe kushindana. Kundi A lililochukua nafasi yake lilidai magari 5,000, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 2,500. Sharti hilo ndilo lililolizaa Mitsubishi Lancer Evolution mwaka 1992: toleo la kwanza la magari 2,500 liliisha haraka, yakaongezwa mengine 2,500. Subaru Impreza WRX ilianza mwaka huohuo, na toleo la STI la 1994 lilitengenezwa kwa kiasi cha magari 100 kwa mwezi. Toyota nayo ilitoa Celica GT-Four ya mashindano, magari 5,000. Mengi kati ya haya yalikuwa magari ya familia yenye viti vya nyuma na buti, lakini ndani yake mlikuwa na turbo na mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne. Viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze nguvu inayozidi farasi 280, makubaliano yaliyodumu kuanzia 1989 hadi 2004, na kwa hiyo mnunuzi hakutofautishiwa magari hayo kwa nguvu. Alitofautishiwa kwa idadi.

Idadi ndogo iliyojulikana kuliko zote ni ya Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998. Magari 400 yalitengenezwa kwa soko la Japani, kila moja kwa yeni milioni 5, na 16 kwa ajili ya Uingereza. Yaliisha mara tu yalipotangazwa, na bei yake haijawahi kurudi pale ilipoanzia. Magari ya namna hiyo hayakuwa ya soko la Kampala. Yaliyofika Nakawa ni ndugu zake wa kawaida zaidi: WRX, STI za kila mwaka, na Lancer Evolution kuanzia la tatu kwenda mbele.

Biashara hiyo ilipata nguvu kwenye uwanja wa mashindano. Charles Muhangi alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999, na mashindano ya magari ya Pearl of Africa yakawa tukio linalojaza watu kandokando ya barabara za udongo. Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Uganda, Subaru na Mitsubishi zilikuwa zimetawala orodha ya washiriki kwa zaidi ya mwongo mzima. Kijana wa Bugolobi aliyenunua Impreza alinunua gari alilolitazama Jumapili likiruka matuta.

Mahitaji ya wateja wawili hawa, wa mjini na wa mashindano, yaligawanya bei kwa namna ambayo kiwanda hakikuitarajia. Lancer Evolution lilitoka kwa namna mbili. GSR lilikuwa na kiyoyozi, vioo vya umeme na viti vizuri. RS lilivuliwa vitu hivyo ili liwe jepesi, na lilipokuwa jipya liliuzwa kwa bei ya chini. Mteja wa mjini alitaka GSR, kwa sababu foleni ya Barabara ya Jinja bila kiyoyozi ni adhabu. Dereva wa mashindano alitaka RS, na kwa kuwa RS zilitengenezwa chache, gari lililokuwa rahisi dukani Japani likaja kuwa ghali kuliko lenzake kwenye soko la magari yaliyotumika.

Upangaji wa bei ulianzia kwenye mnada wa Japani, ambako kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Gari lililogongwa likatengenezwa hupewa alama ya R, na alama hiyo huliondolea thamani kubwa, jambo ambalo mnunuzi wa Kampala asiyeiona karatasi hiyo hulijua akiwa amekwisha kulipa. Juu ya bei ya mnada huja nauli ya meli, bima, na usafiri wa Mombasa hadi Malaba na Kampala. Likifika bondi, gari hukaa bila kulipiwa kodi mpaka lipate mteja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 huruhusu mzigo ukae bondi miezi 6, ikaongezwa 3, kisha hupelekwa mnadani. Muda huo ndio adui wa muuza gari la mbio. Toyota Premio hupata mteja wiki yoyote, lakini Lancer Evolution humngoja mtu mmoja maalumu. Ndiyo maana magari ya namna hii mara nyingi yaliletwa kwa oda, mteja akiwa ametanguliza fedha, na yaliyoletwa bila oda yaliwekewa faida kubwa ya kufidia hatari ya kukosa mnunuzi.

Kodi ilizidi yote hayo. Mwaka 2018 gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 lilitozwa ushuru wa forodha wa 25%, VAT ya 18%, kodi ya zuio ya 6%, tozo ya miundombinu ya 1.5% na tozo ya mazingira ya 50%. Gari lililofika kwa thamani ya shilingi milioni 20 lilidaiwa milioni 21 kabla ya ada za usajili. Mnunuzi alilipa gari mara mbili, mara moja kwa aliyeliuza na mara ya pili kwa serikali. Mzigo huo ulizaa udanganyifu unaoendelea kuwaumiza wanunuzi: Impreza ya kawaida huvalishwa nembo za STI, bawa la nyuma na rangi ya bluu, kisha huuzwa kwa bei ya STI. Kinga ni namba ya chasisi na bamba lililo chini ya boneti, kwa kuwa vinaonyesha aina ya injini na giaboksi iliyofungwa kiwandani.

Mwaka huohuo wa 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Usalama Barabarani, na kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi kukapigwa marufuku. Kwa siku moja kizazi chote cha kwanza cha Impreza, cha 1992 hadi 2000, kilifungiwa nje, pamoja na Lancer Evolution sita za mwanzo. Kenya ilikuwa na kikomo kikali zaidi cha miaka 8, na kabla ya hapo wapenzi wa magari hayo wa Nairobi waliyaona yakipita Mombasa kwenda Kampala bila wao kuruhusiwa kuyasajili. Marekani ina sheria inayokwenda kinyume kabisa: gari ambalo halikuidhinishwa huko huruhusiwa likifikisha miaka 25. Impreza na Lancer za mwanzo zilianza kuingia Marekani mwaka 2017, bei zikapanda kwenye minada ya Japani, na wauzaji wa Kampala wakajikuta wamefungiwa na sheria upande mmoja na dola ya Mmarekani upande wa pili.

Magari yaliyokwisha kusajiliwa Uganda kabla ya 2018 yakawa akiba isiyoongezeka. Kila linapogongwa, moja hupungua, na mengine huchinjwa kwa ajili ya vipuri, ambavyo thamani yake kwa jumla inaweza kuipita ya gari zima. Viwanda navyo vimefunga milango. Mitsubishi ilihitimisha Lancer Evolution kwa Final Edition, magari 1,000 kwa Japani mwaka 2015 na 1,600 kwa Marekani, na Subaru ilitengeneza WRX STI ya mwisho mwaka 2021. Kwa kipimo cha miaka 15 cha sheria ya 2018, Lancer Evolution la mwisho, lililotoka kiwandani 2016, halitaweza kuingizwa Uganda kuanzia 2031, na WRX STI ya mwisho kuanzia 2036.