Cheche na Kuni: Sababu za Vita Kuu vya 1914

Ewe msomaji, ukisimama juu ya kilima karibu na Kegonga, katika nchi ya Wakuria, ukatazama kusini, utaona nchi ikiendelea hadi upande wa Tarime bila kukatizwa na bahari wala safu ya milima. Hata hivyo upande mmoja ni Kenya na wa pili ni Tanzania. Wanyabasi na Wairege wako pande zote mbili, na lugha yao ni moja. Mpaka huo ni sehemu ya jibu la swali tunalotaka kulichungua: Vita Kuu vya Kwanza vilisababishwa na nini, na kwa nini vilifika huku kwetu?

Wanafunzi wengi hujibu upesi kwamba vita vilianza kwa sababu Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, aliuawa kwa risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwaka 1898 Elisabeth, malkia wa dola hiyo hiyo, aliuawa mjini Geneva, na dunia haikuwaka moto. Basi hapana budi tutenganishe cheche na kuni. Cheche ikianguka juu ya mwamba huzimika. Ikianguka juu ya kuni kavu huteketeza kijiji.

Kuni zenyewe zilikusanywa kwa miaka mingi. Kwanza, dola za Ulaya zilifungamana kwa mapatano. Ujerumani, Austria na Hungaria, pamoja na Italia zilishikana mwaka 1882. Ufaransa na Urusi zikaungana mwaka 1894. Kisha Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Pili, zilishindana kwa silaha, hasa Uingereza na Ujerumani zilizojenga manowari kwa hofu na kiburi. Tatu, zilioneana wivu juu ya makoloni, hata Ufaransa na Ujerumani zikakaribia kupigana mara mbili kwa ajili ya Moroko, mwaka 1905 na 1911. Nne, mataifa madogo kama Serbia yalitaka kuwakusanya watu wa asili yao waliotawaliwa na Austria.

Ndiyo maana mauaji ya Sarajevo hayakubaki ugomvi wa wawili. Tarehe 28 Julai Austria ilitangaza vita juu ya Serbia. Urusi ikakusanya majeshi kuitetea. Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi na Ufaransa, ikaingia Ubelgiji. Na tarehe 4 Agosti Uingereza nayo ikaingia vitani.

Hayo yaeleza kwa nini Ulaya iliwaka. Lakini Mkuria alikuwa na ugomvi gani juu ya Ubelgiji? Hapa turudi kwenye mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kupiga mstari kutoka mto Umba, pwani, hadi Ziwa Victoria. Wenye nchi hawakuulizwa. Kwa mstari huo, ndugu wa ukoo mmoja waliwekwa chini ya dola mbili. Na dola hizo zilipogombana, ndugu hao walihesabiwa kuwa maadui.

Moto ulifika upesi. Tarehe 8 Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam. Mwezi wa Septemba jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 likapigana huko na askari wa Keya, kisha likarudi nyuma. Baadhi ya Wagusii, wakidhani utawala wa Waingereza umekwisha, waliupora mji; serikali ikawaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe. Baadaye wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina lao limesalia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Methali yasema kwamba tembo wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mwanafunzi wa historia haishii hapo. Huuliza tembo waligombania nini, na nani aliyewaleta katika shamba letu.

Je, nani alaumiwe? Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitwika Ujerumani na wenziwe jukumu la vita. Mwaka 1961 Fritz Fischer, Mjerumani mwenyewe, aliandika kwamba nchi yake yastahili sehemu kubwa ya lawama. Mwaka 2012 Christopher Clark alizifananisha dola zote na watu watembeao usingizini. Wataalamu hawa wametofautiana kwa sababu kila mmoja amepima kuni kwa mizani yake.

Nawe, utakapoulizwa sababu za vita, usiandike jina la mtu mmoja ukaweka kalamu chini. Taja cheche, kisha hesabu kuni, kisha uonyeshe njia ambayo moto ulipita hata ukawafikia watu ambao hawakuuwasha. Atakayejifunza kuzitambua kuni zingali zikikusanywa, huyo ataweza kuwaonya wenziwe kabla cheche haijaanguka.