Kampuni ya Nne ya Kilimatinde: Lugha kama Ushahidi katika Kuunda Jeshi la Sanamu

Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi msamiati wa Kiswahili unavyoweza kumsaidia mtu aundaye jeshi la sanamu kwa ajili ya mchezo wa vita, na hasa jeshi lililokaa katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida. Huenda msomaji akadhani ya kuwa jambo hili ni la watoto, wala halistahili kurasa hizi. Lakini mchezo wenyewe ulikuzwa na maofisa wa Prussia, ambao tangu mwaka 1824 waliutumia kujifunza vita juu ya ramani, na H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, aliutolea kitabu, Little Wars, mwaka 1913. Siku hizi watu wazima wengi wa Ulaya na Marekani hununua sanamu za madini au za plastiki zenye kimo cha milimita 28 hivi, wakazipaka rangi na kuzipanga kikosi kwa kikosi. Sharti lao kubwa ni usahihi: kofia, kifungo na bunduki viwe kama vilivyokuwa. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliziona meza kadhaa za namna hiyo, zenye vita vya Afrika ya Mashariki vya 1914 hadi 1918. Mavazi yalikuwa sahihi kabisa, lakini watu waliokuwa juu ya meza walikuwa chini ya nusu ya wale waliokuwako.

Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani katika nchi hii, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na kampuni 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kampuni ya nne ilikaa Kilimatinde, katika wilaya ya leo ya Manyoni, na sehemu yake Singida. Tuitwae kampuni hiyo kuwa mfano. Yale yaonekanayo kwa macho si magumu kuyapata. Askari alivaa nguo za khaki, na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha khaki yenye nembo ya tai mbele. Miguuni alizungusha vitambaa toka kifundo hadi karibu na goti. Kampuni nyingi vita vilipoanza zilikuwa bado na bunduki ya namna ya mwaka 1871, itumiayo baruti nyeusi, ambayo kila ipigwapo hutoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Kwa hiyo fundi asiwape askari wote wa mwaka 1914 bunduki mpya ya namna ya 1898. Na baada ya kuzuiliwa pwani na manowari za Waingereza, nguo nyingi zilifumwa humu nchini na kutiwa rangi kwa mimea. Basi khaki ya mwaka 1916 haina budi kutofautiana mtu na mtu.

Tukiacha mavazi, twafika penye vyeo, na hapa lugha yaanza kutoa ushahidi. Vyeo vya askari vilikuwa ombasha, shaushi, bashaushi, soli na efendi. Hakuna hata kimoja kilicho cha Kijerumani. Ombasha latokana na neno la Kituruki lenye maana ya mkuu wa watu kumi. Shaushi ni la Kituruki vilevile, na bashaushi ni shaushi mkuu. Maneno haya yalifika kwetu kwa njia ya jeshi la Misri, kwa kuwa mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandika Cairo Wasudani wapatao 600 ili kupigana na Abushiri pwani. Mfalme wa Waingereza naye alikuwa na Wasudani wake huko Uganda, na ndiyo sababu vyeo hivyohivyo vilisikika katika King's African Rifles, kabla ya koplo na sajini kuvishinda. Basi ikiwa fundi ataka kumchonga shaushi mzee wa mwaka 1914, na akumbuke ya kuwa huenda mtu huyo alizaliwa kando ya mto Nile, wala si Unyamwezini.

Neno jingine la kuangaliwa ni mzinga. Asili yake ni kitu cha mviringo chenye uwazi ndani. Ndiyo maana nyumba ya nyuki na silaha kubwa ya moto zikapata jina moja. Bunduki ya mfululizo watu waliiita mzinga wa bombomu, kwa kuiga mlio wake. Singida maana hizo mbili zilikutana vitani. Masimulizi ya Wanyaturu yanamkumbuka Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwatumia nyuki, na leo jina lake limepewa uwanja wa michezo mjini Singida. Mwenye kuunda kampuni ya Kilimatinde akitaka kuipatia adui wa kweli, basi huyu ndiye wa kwanza wa kufikiriwa. Na kanuni za mchezo zitabidi zieleze nyuki wanafanya nini, maana sanamu peke yake haitoshi.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Kampuni moja ya uwanjani ilikuwa na askari kati ya 150 na 200 hivi, bombomu mbili au zaidi, Wazungu wachache, na wapagazi wapatao 250. Nyuma yao walifuata wake za askari, watoto, na vijana waliobeba vyombo vya askari. Tuseme ya kuwa sanamu moja yasimama badala ya watu kumi, kama ombasha alivyosimama juu ya kumi wake. Tutapata askari 16, Wazungu wawili, bombomu moja, na wapagazi 25, pamoja na wanawake na watoto. Meza nilizoziona zilikuwa na wale 16, na mpagazi mmoja au wawili wa kupamba. Wachezaji husema ya kuwa mpagazi hapigani. Lakini chakula, risasi, dawa, na hata bombomu yenyewe vilikwenda kichwani na mabegani mwake. Neno lake latokana na kitenzi kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani. Akikimbia yeye, kampuni husimama. Hivyo mchezo usiokuwa na wapagazi haukosei kwa upande wa huruma tu. Wakosea pia kwa upande wa vita, kwa sababu huwaacha majemadari wa mezani waende watakako bila kulipa gharama.

Gharama hiyo twaijua. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi zote za vita hivi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Julai 1916 jeshi la Van Deventer lilifika reli ya kati na kuitwaa Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa nchi ya kati, na mvua zilipokosa, Wagogo, pamoja na wale wa Manyoni, wakaingia katika njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo wao waliiita Mtunya.

Kumbukumbu za shaba hazikulingana. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, yamwonyesha askari peke yake, ingawa maandishi yake yawataja wapagazi. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, yamsimamisha mpagazi pamoja na wapiganaji. Lakini katika lugha mpagazi alishinda: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina ya kikosi chake, Carrier Corps, yaliyosemwa kwa matamshi ya watu.

Kwa hiyo ningewashauri wale wanaotaka kuiunda kampuni ya nne, hasa walimu wa historia wa Singida na Manyoni wawezao kufinyanga udongo pamoja na wanafunzi wao, waanze na wapagazi 25. Wampe kila mmoja mzigo wake, wajue ndani yake mna nini, kisha ndipo wapake khaki ya askari.