Mugonjwa mwenye kulala kimya: anasikia maumivu ao hapana?

Mugonjwa akizimia siku mbili tatu, katika familia hakukosi mutu wa kusema: « Mumuache, hasikie tena kitu. » Kisha wanamugeuza sawa gunia ya mahindi. Mimi ni mutu wa mimea, si munganga, lakini kuko mumea moja ambayo historia yake inakataa ile neno.

Ni mumea ya kutambaa ya pori ya Amazonia. Wenyeji wanachemsha maganda yake, wanapakaa sumu kwenye mishale. Nyama ikichomwa inaregea, inakufa juu haiwezi tena kuvuta pumuzi. Ile sumu njo kurare.

Katika miaka ya 1850, Claude Bernard, mwalimu mukubwa wa Paris, alitaka kujua inaua nini hasa. Akakamata chura, akafunga mishipa ya damu ya muguu moja wa nyuma kusudi sumu isifike pale, kisha akamutia kurare. Chura akaregea mwili muzima, ungeapa amekufa. Lakini alipofinywa kwenye ngozi yenye sumu, ule muguu uliofungwa ukatikisika! Basi kurare inazuia mwendo tu. Njia ya maumivu inabaki wazi. Bernard mwenyewe aliandika kwamba kifo hiki kinaonekana kitulivu kwa inje, kumbe ndani ni mateso makali.

Tarehe 23/1/1942, kule Montréal, Harold Griffith na Enid Johnson wakaingiza kurare katika upasuaji ili nyama za tumbo ziregee. Wao walimulalisha mugonjwa kwanza na dawa ya usingizi, vizuri sana. Lakini nyuma yao wakatokea waganga wenye kuwaza kama kurare yenyewe inalalisha! Chura wa Bernard alikuwa amekwisha kujibu, karibu miaka mia moja mbele. (Vitabu vya zamani, nani anavifungua?)

Ikabidi mutu ajitoe. Katika uchunguzi uliochapishwa 1947, Scott Smith, munganga wa usingizi wa Salt Lake City, alikubali watie kurare katika mwili wake bila dawa yoyote ya usingizi, kipimo cha kupita kile kinachosimamisha pumuzi. Wenzake wakamupumulia. Hata kope haikutikisika. Aliporudia kusema, akawaelezea yote waliyosema na kufanya, na pale walimuchoma, alisikia.

Mwaka 1977, Michael Tunstall wa Aberdeen alirudilia hila ya chura, safari hii kwa wamama wenye kupasuliwa ili wazae. Alifunga mukono kwa mukanda wa kupimia tansio mbele ya kutia dawa ya kuregeza, kisha akamuomba mama akamate mukono wake kama anamusikia. Wamoja walikamata.

Koma ya malaria ao ya ajali ni ingine, juu pale ubongo wenyewe umeguswa. Hata hivyo, mwaka 2006, kikundi cha Adrian Owen kule Uingereza kilimuambia mwanamuke asiyejibu kitu tangu ajali ya barabarani awaze anacheza tenisi. Kwenye mashine, ubongo wake ulifanya kazi sawa wa mutu muzima. Kusikia sauti si kusikia maumivu, ni kweli. Lakini nani sasa ataapa?

Na hila ya mukono inaendelea. Katika uchunguzi wa 2017, kwa wagonjwa 260 waliolalishwa kwa upasuaji, 12 walijibu kwa mukono. Walipoulizwa kama wanaumwa, 5 walikamata tena.