Gobole lilivyoishinda Winchester katika njia ya Ujiji

Kila Serikali inapotoa msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023, gobole halikosi kutajwa. Husalimishwa, hupangwa chini mbele ya kamera, na taarifa ya habari ikaendelea na mambo mengine. Kwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji hilo linasikitisha kidogo, maana bunduki hiyo ya kushindilia ina umri mkubwa pale kuliko reli, kuliko bandari, na kuliko karibu kila jengo lililosimama kuanzia mwalo wa Katonga hadi Ujiji. Inafaa kuuliza kwa nini silaha duni kama hii, inayojazwa kwa mdomo wa mtutu, ndiyo iliyobaki mikononi mwa watu, ilhali bunduki za kisasa zilizofika Ujiji mapema, mwaka 1871, hazikuota mizizi. Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye risasi.

Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Dk David Livingstone, ameorodhesha silaha za msafara wake, zikiwemo Winchester moja na Henry moja, zote za Marekani na zote akiziita za risasi 16, bunduki ya tembo ambayo risasi zake nane zilitimiza ratili, na gumegume 24, yaani magobole ya kuwashwa kwa jiwe. Maamkizi yake na Livingstone yanajulikana hata kwa watoto wa shule. Orodha hii wachache huisoma. Winchester ile ilikuwa na mkono wa chuma chini ya mtambo: ukiusukuma, ganda tupu linaruka nje, ukiurudisha, risasi nyingine imekwishaingia. Tatizo ni kwamba risasi yake ilitoka kiwandani ikiwa kamili, na kiwashio chake kimewekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Nyundo ya bunduki ikishauponda ukingo huo, ganda halijazwi tena. Hata wawindaji wa Marekani waliopenda bunduki za namna hiyo walipata nafasi ya kusubu risasi na kujaza maganda yao wenyewe baada ya kutoka Winchester ya 1873, yenye kiwashio cha katikati kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa. Kwa Ujiji ya 1871, kasha la risasi likiisha, Winchester ilikuwa gongo la bei kubwa.

Gobole halikuwa na ugonjwa huo. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, kwa hiyo moto wa kuni unatosha. Yakimiminwa kwenye kalibu na kupoa, hutoka kidonge cha mviringo, na kishina chake hukatwa kwa kisu. Mtutu ni laini ndani, basi kidonge si lazima kilingane nao sawasawa. Kitambaa huziba pengo, mdeki hushindilia. Madini hayo yakikosekana, vipande vya chuma vilitumika, na ng'ambo ya ziwa, katika himaya ya Msiri kule Katanga, mafundi walitengeneza risasi za shaba yao wenyewe.

Msomaji ataniuliza: na baruti je? Hoja hiyo ni nzito, kwani baruti ya njia ya Ujiji ilipanda kutoka pwani. Lakini tazama alichofanya Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi mwaka huohuo wa 1871. Stanley anasimulia kwamba Mirambo aliusimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Walibishana zaidi ya siku nzima, wakalipa. Alipokwisha kupokea, akawaamuru warudi walikotoka: hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita kwenda Ujiji ila juu ya maiti yake. Vita ikawaka. Agosti, Stanley mwenyewe akaungana na Waarabu wa Tabora kumshambulia, akiwa na Winchester yake. Soud, mtoto wa Sayd bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, aliteka kijiji cha Wilyankuru akakusanya pembe za ndovu. Njiani kurudi, watu wa Mirambo waliokuwa wamelala kwenye nyasi pande zote mbili wakainuka na kummaliza. Stanley akalazimika kuzunguka kusini kabisa ndipo afike Ujiji. Angalia orodha ya ushuru ule: baruti haikusahaulika, na ilikuwa akili. Pipa la baruti hulisha mtutu wowote, wakati risasi ya ganda hulisha bunduki za kipimo chake tu.

Pingamizi jingine linatoka kwenye sheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kujazwa nyuma, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo, wengine watasema, gobole lilihifadhiwa na wakoloni. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia pwani yetu kila mwaka, na alihofia zile za kisasa. Lakini mkataba uliikuta hali ikiwa tayari hivyo. Ulichofanya ni kuikaza. Silaha ya kisasa ilihitaji njia ya kuletewa risasi: Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipowinda simba Kenya mwaka 1909 kwa Winchester ya risasi kubwa, nyuma yake kulikuwa na meli na reli. Kigoma, reli haikufika hadi 1914.

Wapo watakaosema gobole ni silaha ya ujangili, halistahili heshima. Limeua wanyama wengi, na sheria inayodai kibali ni ya haki. Hata hivyo, Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yamejengwa kuzunguka salamu za wageni wawili, na fundi aliyesubu risasi za njia ile anastahili walau kabati moja. Ombi langu kwa Jeshi la Polisi na wasimamizi wa makumbusho hayo ni hili: katika msamaha ujao, yachaguliwe magobole mawili matatu, yaharibiwe mitambo yasiweze kufyatuka, iandikwe yalikotoka, kisha yawekwe Ujiji pamoja na kalibu na midek​i yake.